Uchungu wa Kuzaa Haungoji Kitambulisho

 

Leo nataka tuzungumze jambo ambalo vijana wengi wa kiume wakilisikia husema hilo ni la kina mama, wacheni wazungumze wenyewe kliniki. Naomba usiondoke. Nazungumzia uzazi, lakini nazungumzia haki pia. Afya ya mama yako, dada yako na mkeo huamuliwa mapema, kabla hajafika mlango wa hospitali. Huamuliwa Nairobi inapoandikwa sheria. Huamuliwa katika kaunti inapogawanywa bajeti. Na kwetu sisi Waislamu wa Pwani na Kaskazini Mashariki, huamuliwa pia kwenye dirisha la ofisi ya usajili wa watu, pale msichana wa miaka kumi na minane anapoambiwa alete cheti cha babu yake.

Kuna kisa cha Sayyidna Umar ibn al-Khattab, radhiyallahu anhu, ambacho wengi wenu mmekisikia madrasa. Alikuwa ameweka posho ya watoto kutoka baitul mal. Sharti lilikuwa moja tu: mtoto awe ameshaachishwa ziwa. Usiku mmoja akizunguka Madina kulinda watu akasikia mtoto analia. Akamwendea mama, akamsihi amtulize mwanawe. Akaenda, akarudi, mtoto bado analia. Mwisho mama yule, bila kujua anazungumza na nani, akamweleza: anamwachisha ziwa kabla ya wakati wake, manake Umar hatoi posho ila kwa mtoto aliyeachishwa. Inasimuliwa kuwa alfajiri ile Umar aliswalisha huku analia hata kisomo chake hakikusikika vizuri. Kisha akatangaza kuwa kila mtoto wa Kiislamu atapata posho tangu siku ya kuzaliwa.

Hebu kitazame kisa hiki kwa jicho la leo. Nia ya serikali ilikuwa njema. Pesa zilikuwepo. Kilichoumiza kilikuwa sharti moja dogo kwenye karatasi, na sharti hilo lilifika mpaka kwenye kifua cha mama na tumbo la mtoto. Madhara yake hayakuonekana ofisini, yalisikika usiku, nyumbani kwa mtu asiye na cheo. Na Umar hakumwambia yule mama kuwa yeye ni mama mbaya. Alibadilisha sharti.

Basi nasi tuulize: Kenya ya leo, masharti ya afya yamewafanya nini mama zetu?

Wataalamu wa afya ya uzazi wanasema mama hufariki kwa sababu ya machelewesho matatu. La kwanza ni kuchelewa kuamua kwenda hospitali. La pili ni kuchelewa njiani. La tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Magonjwa yenyewe yanajulikana: kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, presha na kifafa cha mimba, na maambukizi. Dawa zake zipo, na si siri. Lakini hesabu zilizotokana na sensa ya 2019 zilionyesha vifo 355 vya kina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na kaunti zetu za Kaskazini Mashariki zikawa miongoni mwa zenye vifo vingi zaidi. Ukichunguza kila cheleweshi kati ya hayo matatu, utakuta nyuma yake kuna uamuzi wa serikali.

Tuanze na la kwanza, kuamua kwenda.

Watu husema mama zetu wanapenda kuzalia nyumbani, ni mila. Sikatai, mila ipo. Lakini mwezi Juni 2013 serikali ilipoondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma, wodi zilijaa. Kina mama walikuja. Kumbe kwa wengi wao kikwazo hakikuwa mila, kilikuwa bili. Baadaye ukaja mpango wa Linda Mama chini ya NHIF. Mama mjamzito alisajiliwa bila kulipa mchango wowote, na aliyekuwa hana kitambulisho aliweza kusajiliwa kwa kitabu chake cha kliniki. Tafadhali liweke jambo hilo akilini.

Tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF ikaondoka, ikaja SHA. Linda Mama ikaambiwa sasa ni Linda Jamii. Jina zuri, tena ni kweli kuna mazuri ndani yake. Kiwango kinacholipwa hospitali kwa uzazi wa kawaida ni shilingi 10,000, na kwa upasuaji ni 30,000. Huduma za kawaida kwenye dispensari na vituo vya afya zinalipiwa na mfuko wa afya ya msingi, hazihitaji mchango wako. Tusiwe watu wa kupinga kila kitu kwa sababu tu kimetoka serikalini.

Lakini masharti yamebadilika. Kujifungua kumewekwa chini ya mfuko wa bima, SHIF, na mfuko huo unataka mchango uwe umelipwa. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi, hasikii uzito sana. Asiyeajiriwa, yaani mama wa mahamri, muuza samaki, mfugaji, mume wake wa boda boda, yeye hupimwa uwezo wake kwa maswali, kisha huwekewa kiwango. Cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, na utaratibu ulipoanza alitakiwa alipe ya mwaka mzima kwa pamoja. Mahesabu ni rahisi: shilingi 3,600 mkononi, kabla hujahudumiwa. Kwa aliye Nairobi na mshahara hizo si nyingi. Kwa mama anayepata mia mbili leo na kesho asipate, hiyo ni sababu ya kusema nitangoja kidogo. Na mama mjamzito anayengoja kidogo ndiye anayefika akiwa amechelewa.

Sheria inasema wasiojiweza walipiwe na serikali. Swali letu liwe: kwenye mtaa wako, kwenye kijiji chako, nani ameorodheshwa? Kwa kigezo gani? Orodha iko wapi?

Halafu kuna kitambulisho. Usajili wa SHA kwa mtu mzima unataka kitambulisho cha taifa. Kwa Mkenya wa sehemu nyingine hilo si jambo, manake alikipata akiwa na miaka kumi na minane bila kuulizwa swali la pili. Lakini sisi twajijua. Kwa miaka mingi vijana wetu walipelekwa mbele ya kamati za kuwapiga msasa, waulizwe ukoo, waulizwe lugha, waulizwe babu alizaliwa wapi. Wanubi wa Kibra walipita humo. Wasomali, Waarabu, Wabajuni, wote walipita humo. Kuna familia za Garissa na kwingineko ambazo wakati wa ukame zilijiandikisha kwenye kambi za wakimbizi ili zipate chakula, na watoto wao, Wakenya kabisa, alama za vidole vyao zikabaki kwenye orodha ya wakimbizi. Wakikua wakienda kuomba kitambulisho, mashine inasema wewe si Mkenya.

Februari 2025 Rais alitia saini tamko huko Wajir la kuondoa msasa huo kwa watu wa kaskazini. Tukasema alhamdulillah, na bado twasema. Lakini tamko lenyewe halichapishi kadi. Aliyenyimwa miaka kumi iliyopita bado ana safari ya kwenda ofisini, ana nauli ya kutafuta, ana vyeti vya kukusanya.

Sasa ziunganishe nukta, kijana mwenzangu. Tumezoea kuona suala la kitambulisho ni la kijana wa kiume: kazi, safari, kusimamishwa na polisi. Kumbe dada yako aliyenyimwa kitambulisho amenyimwa pia mlango wa bima. Mimba yake ina miezi tisa tu. Ofisi ya usajili haina haraka hiyo. Linda Mama ilimpa mama huyu njia ya kuingilia kwa kitabu cha kliniki, na njia hiyo ndiyo tunayotaka irudishwe kwa maandishi. Mama mjamzito asajiliwe kwanza, karatasi zimfuate.

La pili ni njia.

Tangu ugatuzi wa 2013, hospitali za kaunti, vituo vya afya, dispensari na ambulensi ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Katiba imeandika hivyo, Jedwali la Nne. Kwa hivyo ukimwona mama anatolewa kisiwa cha Pate usiku kwa mashua kupelekwa mji wa Lamu, au anatoka kijijini Tana River akapakiwa kwenye pikipiki mpaka Hola, hiyo ni habari ya bajeti ya kaunti. Mafuta ya boti ya ambulensi yana mstari wake kwenye bajeti, au hayana.

Na kuna sera ambazo hazina jina la afya lakini zinaua afya. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, Lamu iliwekwa kafyu. Ilikuwa amri ya usalama. Mwaka 2020, tarehe 27 Machi, nchi nzima ikaingia kafyu ya korona, kuanzia saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Je, uchungu wa kuzaa hushika mchana peke yake? Mama alitoka vipi? Nani alithubutu kumbeba? Nairobi, daktari mmoja wa uzazi, Jemimah Kariuki, aliona kina mama wanafika wakiwa wamechelewa mno, akaanzisha mpango wa usafiri wa bure wa usiku ulioitwa Wheels for Life. Allah amlipe. Lakini kafyu ilitangazwa kwanza, usafiri wa mama ukafikiriwa baadaye, tena ukafikiriwa na daktari. Sisi tunaopigania haki za raia tumesoma hapo kitu: amri yoyote ya usalama ikitangazwa kwetu, swali letu la kwanza liwe, na mwenye uchungu atapita vipi?

La tatu ni kuhudumiwa baada ya kufika.

Agosti 2013, miezi miwili baada ya uzazi kutangazwa bure, mama mmoja alilazwa hospitali ya kaunti ya Bungoma. Dawa ya kumwanzishia uchungu ilibidi ainunue mwenyewe. Uchungu ulipomzidi, vitanda vya chumba cha kujifungulia vilikuwa vimejaa. Akazaa sakafuni. Na badala ya kuhurumiwa, akapigwa na kutukanwa. Mama yule hakunyamaza, alikwenda mahakamani. Machi 2018 Jaji Abida Ali-Aroni akaamua kuwa haki zake na utu wake vilivunjwa, akaagiza aombwe msamaha na alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Lakini uamuzi haukuishia kwa wauguzi. Mahakama ilisema serikali ya taifa na ya kaunti zilishindwa kuweka rasilimali za kutosha na kufuatilia sera yao wenyewe. Yaani kutangaza bure bila kuleta vitanda, dawa na wahudumu ni kuvunja haki.

Kabla yake, mwaka 2015, Mahakama Kuu ilikuwa tayari imeamua kesi ya kina mama wawili waliofungiwa hospitali ya Pumwani baada ya kujifungua kwa sababu hawakuwa na pesa za bili. Mahakama ikasema kumzuia mgonjwa kwa deni ni kinyume cha sheria. Shikeni hilo. Ukisikia mama amezuiwa wodini kwa bili, usikimbilie mchango peke yake. Kwanza uliza: mnamzuia kwa sheria gani?

Na katika huduma kuna heshima ya mwili wa mama. Dada zetu wengi huchelewa kwenda kwa kuogopa kuvuliwa sitara mbele ya watu, kufokewa, kuchekwa mavazi yao. Wauguzi wa kike kwenye dispensari za kwetu, pazia kati ya kitanda na kitanda, mama kuelezwa anachofanyiwa kabla ya kufanyiwa, hayo si anasa wala si upendeleo kwa Waislamu. Mama yule wa Bungoma alihitaji heshima hiyo hiyo.

Ndugu zangu, hapa nataka niseme neno ambalo huenda likawa zito kidogo.

Mama akifariki katika uzazi, sisi husema ni qadar. Na twaamini hivyo. Twaamini pia kuwa ana daraja ya shahidi. Lakini daraja ile ni rehema ya Mwenyezi Mungu kwa mama, haikuwekwa iwe stakabadhi ya kumsafisha aliyezembea. Dereva akiendesha mlevi akaua, tunasema qadar na tunamshtaki. Basi mbona dispensari ikikosa dawa ya kuzuia damu tunasema qadar halafu tunarudi nyumbani?

Jambo jingine ni michango yetu. Ijumaa baada ya swala huja tangazo: kuna mama amefungiwa hospitali, tumsaidie. Kwenye makundi ya WhatsApp kila wiki kuna bili. Tunatoa, na tuendelee kutoa, sadaka haina hasara. Lakini tumekuwa hodari wa kulipa bili na wazito wa kuuliza kwa nini bili ipo. Mkutano wa bajeti ya kaunti ukiitishwa, ukumbi una viti vitupu. Sadaka humtoa mama mmoja leo. Sharti likibadilika, wanatoka wote, na wale ambao hatutawajua kamwe.

Sasa tufanye nini? Nitataja matano, na yote yamo ndani ya uwezo wako.

Moja, anza nyumbani. Piga *147# leo, umsaidie mama yako, dada yako na jirani yako ajisajili na aangalie hali ya mchango wake. Mjamzito asingoje mwezi wa nane. Na dada aliyefika miaka kumi na minane, mpeleke akaombe kitambulisho kwa bidii ile ile uliyompeleka nayo kaka yake.

Mbili, andika. Mama akirudishwa hospitali, andika tarehe, saa, kituo, aliambiwa nini na nani. Usimpige picha mgonjwa ukamweka mtandaoni, hiyo ni kumvunjia sitara mara ya pili. Maandishi yenye tarehe yana nguvu kuliko video ya sekunde thelathini.

Tatu, uliza kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinakupa haki ya kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma. Wana siku 21 za kukujibu, na ikiwa habari inahusu uhai wa mtu, saa 48. Omba: dispensari yetu ilipata dawa gani mwaka huu? Ambulensi ngapi zinafanya kazi? Wasiojiweza waliolipiwa SHA hapa ni wangapi? Wasipojibu, Tume ya Haki ya Utawala, ile tuiitayo Ombudsman, ipo kwa ajili hiyo.

Nne, nenda kwenye bajeti. Makadirio ya kaunti hufikishwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka. Kabla ya hapo kuna vikao vya maoni ya wananchi. Nendeni kumi kumi, vijana na kina mama, mkiwa na swali moja lililoandikwa. MCA akiona sura zile zile kila mwaka na swali lile lile, atajua hawa hawatanii.

Tano, jua kifungu cha 43 kwa moyo. Sehemu ya kwanza inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya, ikiwemo afya ya uzazi. Sehemu ya pili inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Haisemi mtu mwenye SHA. Haisemi mtu mwenye kitambulisho. Inasema mtu. Mama anayetokwa na damu mlangoni ni dharura, na mlinzi, karani na daktari wote wamefungwa na kifungu hicho.

Najua wako watakaosema hizi ni siasa. Sawa. Yule mama wa Madina hakuwa na cheo wala hakuandamana, alisema ukweli wake tu, na aliyemsikia alikuwa na khofu ya Mungu. Viongozi wetu hawazunguki usiku kusikiliza vilio. Kwa hivyo sisi ndio tuvipeleke vilio hivyo mpaka ofisini kwao, kwa adabu, kwa maandishi, na kwa kurudi tena na tena.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi mama zetu na wajawazito wetu, awarehemu waliotangulia, awape wauguzi na madaktari wetu subira na nyenzo, na atujaalie tuwe watu wa kusimama na haki hata kama haitugusi wenyewe. Amin.

Mtumie dada yako ujumbe huu. Kisha mtumie na kaka yako.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.